Marahaba ya Madame Rosaura

Nyote mlioniuliza kilichonipata Johannesburg hata nikarudi Tanga nimefunga mdomo, haya ndiyo majibu yenu. Wewe Mwanaidi uliyesema barazani kwamba nimerudi na maringo, soma mpaka mwisho ndipo useme tena. Habari za pasipoti na tiketi sitaziandika, maana hazina utamu. Nitaandika yale ambayo ningewasimulia jioni tukimenya viazi, kama ningekuwa na ruhusa ya kusimulia.

Hali niliyoondoka nayo mnaijua. Katika harusi ile ya Ngamiani, mwaka 2017, sauti ilinikatika katikati ya ubeti. Mpiga fidla akanifunika kwa nyuzi zake na watu wakaendelea kutuza kana kwamba hawakusikia. Walisikia. Nimeimba taarabu tangu sijaolewa, na kuimba ndiko kulikonilisha mimi na mama yangu baada ya macho yake kuzima. Nilikunywa tangawizi, asali, karafuu, na ile samli ya moto ya Mwanaidi iliyonitapisha. Kila wiki mkwaruzo ulizidi.

Ndipo Latifa, binti wa kaka yangu, msusi anayekaa Joubert Park kule Johannesburg, akanipigia simu. Alikuwa na mteja wake mmoja, mama wa makamo kutoka Bolivia, Amerika ya Kusini, mwimbaji wa opera. Opera, alinieleza, ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawazungumzi, wanaimba mwanzo mwisho, tena bila kipaza sauti. Mama huyo alipoteza sauti akiwa juu kabisa kwenye kazi yake, na sauti ikarudi. Nikamwuliza Latifa jambo moja tu, kama ilirudi yote. Akasema hajui, nije nimwulize mwenyewe. Tukapanga nionane naye siku ya Ijumaa.

Basi mjue nilichokuwa nakwenda kukitafuta. Nilikwenda kuuliza kama nitaimba tena.

Tanga mpaka Tunduma

Mama aliniaga akiwa amekaa kitandani, akanishika uso kwa mikono miwili. Kila asubuhi mimi ndimi ninayeingia chumbani kwake na shikamoo yangu, naye huitikia na kuanza siku. "Ukifika nipigie nikusikie," akasema. Hakusema nimwambie habari, alisema anisikie.

Dar es Salaam nikahamia basi la Johannesburg. Kiti cha dirishani sikukiweza, nikaomba cha njiani ili niweze kusimama, na bado nilisimama na kukaa mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa. Jirani yangu alikuwa Mrundi mmoja mpole, Innocent, mwenye duka Diepsloot, kitongoji cha mabati kaskazini mwa Johannesburg. Wenyewe wanaliita spaza, duka la mtaani lenye kila kitu kidogo kidogo. Mimi nikiwa na wasiwasi huongea. Kufika Morogoro alishajua habari za koo langu, kufika Mbeya alishajua za ndoa yangu, na pale Tunduma, foleni ya malori ilipotuweka mpakani tangu asubuhi hadi jua kuzama, alijua na za kwenu nyote. Tulikula chipsi mayai zilizopoa, nami niliongea huku natafuna.

Zambia na radiata

Tulipopita Mpika radiata ilianza kuchemka. Dereva akasogeza basi kidogo kidogo mpaka Serenje, likagoma hapo, na kifaa kikaagizwa Lusaka. Tulilala hapo na kushinda hapo. Nilizunguka lile basi mpaka akina mama wa Kizambia waliokuwa wakipika kando ya barabara wakanipa kigoda kwa nguvu. Wakanilisha nshima, ambayo ni ugali laini kuliko wetu, na kapenta, dagaa wao wa kukausha. Nilikula sana kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Innocent, kwa nia njema, akawaambia abiria kwamba mimi ni mwimbaji. Watu wamechoka, wamechoshwa na vumbi, wakaniomba. Sikuweza kukataa. Nikaanza kwa chini, ikawa nzuri, nikajiamini, nikapanda. Sauti ikapasuka kama chupa mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Innocent akawa wa kwanza kupiga makofi. Nilikwenda nyuma ya basi nikalia, kisha nikarudi nikaendelea kuongea.

Ijumaa ilinikuta Zimbabwe, nikila sadza, ugali wa huko, kwa maharage kwenye kituo cha mafuta. Latifa aliniambia kwenye simu kwamba yule mteja wake, Madame Rosaura, alinisubiri mchana kutwa. Jumapili atakuwa anaimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu alipoharibikiwa, hivyo nikifika siku hiyo tutajua hukohuko la kufanya. Beitbridge, mpaka wa kuingilia Afrika Kusini, kulikuwa na foleni ambayo sitaki hata kuikumbuka.

Park Station

Nilishuka Jumapili asubuhi, mwezi wa Julai, na baridi ya huko huwezi kuinywea chai ikatulia. Innocent aliniachia shuka lake, akaahidi kuja kumsikiliza huyo mwimbaji niliyemchosha naye barabara nzima. Latifa alikuja na mwanawe mdogo, Nuru. Nikangoja mtoto aniamkie. Akaniambia, "Sawubona, gogo," kwa Kizulu, yaani hujambo, bibi, na kunipa mkono wa kusalimia kama mtu mzima mwenzangu. Latifa akacheka, akasema wanazaliwa hapa na Kiswahili wanakisikia tu. Sikucheka. Nilisafiri njia yote ile, na salamu ya kwanza ya damu yangu haikuwa na shikamoo ndani yake.

Tulikula magwinya mlangoni pa stesheni, ndugu ya maandazi asiye na iliki, kisha tukatembea kuelekea katikati ya mji. Wachuuzi walikuwa wamepanga ndizi na soksi njia nzima. Njiani Latifa akanipa habari za Madame, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Tanga, nilisikiliza.

Alizaliwa katika mji wa wachimba madini, juu milimani, mahali ambapo hewa ni nyembamba na mgeni akipanda ngazi lazima apumzike. Baba yake aliingia mgodini. Mama yake aliuza supu mlangoni mwa mgodi, na binti aliwekwa pembeni ya sufuria aimbe, ili wachimbaji wapange foleni upande wao wasiende kwa mpishi mwingine. Watawa wakamsikia, wakampeleka mjini kusoma muziki. Baadaye akaenda Buenos Aires, ambako aliimba miaka nyuma ya wenzake, mpaka mwimbaji mkuu alipougua wakatafuta mtu anayeijua sehemu ile yote kwa moyo. Aliijua. Baada ya hapo ikawa Italia, Ufaransa na Ujerumani, na mashada ya maua mpaka akakosa pa kuyaweka. Akaolewa na mpiga tarumbeta wa Johannesburg waliyekutana kazini, ndiye aliyemleta huku, naye ameshafariki.

"Na sauti?" nikauliza.

"Hilo muulize yeye, shangazi. Mimi namsuka tu."

Ghorofa ya tatu

Jengo lilikuwa la maofisi ya zamani, sasa kila ghorofa ina kanisa lake. La Wakongo, ambako Madame angeimba, liko ya tatu. Lifti haifanyi kazi. Mimi mtu wa pwani nilikiona cha mtema kuni katika ngazi zile, mji wenyewe uko juu na pumzi haitoshi. Latifa akanionyesha mlango, akaniambia niingie, yeye anakimbia mara moja kumwacha Nuru kwa jirani na kuchukua vibanio vya nywele. Akasema maneno mengine akiwa ameshaanza kushuka ngazi, sikuyasikia kwa kuhema kwangu.

Ndani alikuwa mama mfupi, amejifunika shali ya sufu, amekaa mbele ya kioo. Nywele zilianza mvi. Nikainama kidogo, kama ninavyomwinamia mtu aliyenizidi, nikasema, "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Zuhura wa Tanga."

Akageuka. Akaniangalia tangu viatu mpaka kilemba. Akaweka vidole viwili kooni pake, kisha kidole kimoja mdomoni, akanionyesha kiti. Halafu akakigeukia kioo.

Nikadhani hakusikia. Nikasema tena, "Shikamoo."

Akaweka kidole mdomoni mara ya pili, kwa mkazo kuliko mwanzo.

Jamani, mnanijua. Kwetu hata mtu mnayeshitakiana naye mahakamani huitikia salamu kwanza ndipo mwingie ndani. Nimevuka nchi tatu kwa ajili yako, sauti yangu inakufa, nakuamkia kwa heshima, nawe unaniambia ninyamaze? Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nikachukua begi langu, nikashuka ngazi zote nilizozipanda.

Sikujua njia, nikafuata watu wenye mizigo mpaka Park Station. Nikauliza basi la kurudi kwetu, nikaambiwa hakuna mpaka siku ya pili yake. Nikakaa juu ya begi, nikajifunika shuka la Innocent, nikaanza kumsema yule mama kwa sauti, peke yangu, kwa Kiswahili. Watu walinipisha. Katikati ya kumsema ndipo niliposhikwa na woga, maana nikiondoka bila kumuuliza, hakuna mwingine wa kumuuliza tena.

Papa Dieudonné

Mwanamume mmoja mrefu akasimama mbele yangu, amevaa joho la kwaya na juu yake koti la ulinzi. Siku za kazi ni mlinzi wa duka, Jumapili ni mwalimu wa kwaya ya kanisa lile. Mtu wa Lubumbashi, jina lake Papa Dieudonné.

"Maman Zuhura? Nilikuona ukapita pale kwa robot," akasema, na robot kwao ni taa za barabarani. "Usikasirike. Siku ya kuimba Madame hasemake na muntu. Hata na pasteur wa kanisa. Sauti yote anaichungaka ya saa ile."

"Hata salamu?"

"Hata salamu. Njo kazi ya opera," akasema, na njo yao ni ndiyo yetu.

Nikamwambia mimi ni mwimbaji pia, na siku ya harusi huongea tangu alfajiri mpaka napanda jukwaani. Papa Dieudonné akachuchumaa mbele yangu kwa adabu. Kisha akasema kwamba Madame ameanza kulia, na mtu aliyelia koo lake linavimba. Madame alimwonyesha yeye kwa mikono kiti nilichokiacha, na mlango, na kiti tena. Anataka anione nimekaa. Asiponiona hatatoka, na watu wameshajaa.

Niliona aibu, lakini nilimfuata na uso uleule wa kununa, kwa sababu mtu hawezi kuvua hasira mara moja.

Nikakalishwa kiti cha mbele. Wanawake wa Kikongo walikuwa wamevaa vitenge vya sikukuu, Watanzania wa madukani walikuja kwa ajili ya Latifa, na nyuma kabisa, amesimama, nikamwona Innocent na mfuko wa mikate ya duka lake. Madame akachungulia mlangoni. Tukaonana. Akavuta pumzi, akatoka.

Sijui alichoimba, kilikuwa cha Kiitalia. Lakini mwimbaji humsikiliza mwimbaji mwenzake kwenye pumzi. Nilikuwa namhesabia, nikisema moyoni hapa atavuta, naye havuti, anaendelea, sauti inatoka kifuani na kujaza ukumbi mzima bila waya hata mmoja. Kisha akafika mahali pa kupanda. Sauti ikapungua, ikawa nyembamba, ikatetema. Nikaijua ile. Ndiyo iliyonitokea Ngamiani, ndiyo iliyonitokea Serenje. Nikashika kiti kwa mikono miwili, nikamwombea kwa moyo wangu wote mtu niliyekuwa namsema stesheni. Hakuilazimisha. Akaiacha iwe nyembamba vilevile, akaipitisha polepole, ikafika upande wa pili salama.

Nililia waziwazi. Nikasimama kwenda kumtuza, kama tunavyofanya kwetu, mke wa Papa Dieudonné akanivuta gauni nikakaa. Alipomaliza vigelegele vikapigwa mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kutazama.

Akapita katikati ya watu wote waliokuwa wanampa mikono, akaja moja kwa moja kwangu, jasho halijakauka. Akanishika mikono yote miwili.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya chini iliyochoka. Neno hilo Latifa alimfundisha kwenye kiti cha kusukia. "Hiyo ya asubuhi." Kisha akasema tena, "Marahaba," kwa kuwa nilimwamkia mara mbili.

Joubert Park, chumbani kwa Latifa

Kesho yake Madame alikuja kusukwa, na chai ikiwa mezani akanieleza mwenyewe, Kiingereza chake akikitafsiri Latifa, na Kiswahili cha Kikongo alichokiokota kwenye kwaya akikijaza kilipofika. Sauti ilimkatika Ujerumani, katika sehemu ya tatu ya mchezo, mbele ya ukumbi uliojaa. Alikuwa na homa siku nyingi akaificha. Nyuma yake walisimama wasichana wanaoijua sehemu yake kwa moyo, kama yeye alivyokuwa Buenos Aires, na aliogopa kuumwa hata siku moja. Madaktari waliona vinundu kwenye koo. Akanyamaza, akakata tamaa, simu za kazi zikaisha. Mumewe akamleta kwao Johannesburg. Hapa, kwenye hewa nyembamba, alijikuta anavuta pumzi kama alivyovuta kando ya sufuria ya mama yake. Akaanza upya na kwaya ya Papa Dieudonné, akiimba nyuma yao.

Nikamwuliza nililolibeba tangu Tanga. Je, ilirudi yote?

Hakumngoja Latifa. "Hapana," akasema. "Ilirudia, lakini ingine."

Akaniambia niimbe mstari mmoja. Nikaimba. Akanisimamisha kabla haujaisha, akauliza swali ambalo Latifa alishindwa kulitafsiri kwa kucheka. Aliuliza ninaongea kiasi gani kwa siku. Nilipoanza kujibu, akainua mkono, akasema inatosha, ameshaelewa.

Daktari ambaye Madame alitupeleka kwake akaviona vinundu hivyohivyo. Amri ya Madame ikawa moja. Tangu mwezi ulioandama wiki ile mpaka mwezi mwingine uandame, nisiseme neno, wala kunong'ona, maana kunong'ona kunaumiza koo zaidi. Baada ya hapo nianze mazoezi kwa chini, naye atanisikiliza kwenye simu. Nikamwuliza, likiwa neno langu la mwisho, kama nikinyamaza sauti itarudi. Akasema hajui. Lakini nikiendelea kuongea, hilo analijua.

Kurudi bila mdomo

Latifa aliniandikia kipande cha katoni, kwa Kiingereza na Kiswahili, kwamba sisemi kwa amri ya daktari. Maafisa wa mipakani wanadhani asiyesema hasikii, wakanipigia kelele masikioni kila walipogonga muhuri. Sikuweza kukaa wala kusimama. Maneno yalinijaa mpaka mbavu zikaniuma.

Lusaka akapanda mama mmoja wa Mbeya, akakaa karibu nami, akaniamkia vizuri kabisa. Katoni ilikuwa chini ya kiti. Nikaweka vidole kooni, kisha kidole mdomoni. Nilipouona uso wake nikajua uso wangu ulivyokuwa mbele ya kile kioo. Akasogeza kapu lake la chakula upande wa pili na kunipa mgongo. Nilimpa chungwa, akalikataa.

Baadaye mchungaji mmoja wa Kizambia akaisoma katoni kwa haraka, akaona neno la kutosema tu. Akanitangaza kwa abiria kuwa ni bubu, akaniwekea mikono kichwani, na basi zima likaniombea, tangu mpishi wa mahindi aliyepanda Kapiri Mposhi mpaka dereva. Mimi, mtoto wa Kiislamu wa Tanga, nimenyamaza katikati ya haleluya, sina la kuwaeleza. Vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya, na ulimi ukanitoka wenyewe, "Alhamdulillah." Basi lilisimamishwa. Watu walilia. Mama wa Mbeya akanikumbatia, akarudisha kapu, tukala kuku wake mpaka Tunduma, na mimi nisiseme neno la pili, wakidhani nimezidiwa na shukrani.

Chumbani kwa mama

Nilipofika nyumbani niliingia kwa mama nikaweka kiganja changu juu ya chake. Akaipapasa pete yangu, akanijua. Latifa alishampa habari kwa simu. "Haya, nilizaa mwimbaji, wameniletea kiti kisichosema," akasema. Kila asubuhi nilirudia, na kila asubuhi alikataa kuniitikia, akisema hajasikia shikamoo ya mtu. Alikuwa akinitania, lakini usiku alimwuliza dada wa kazi kama kweli ni mimi niliyerudi. Nilimsikia, na sikuwa na ruhusa ya kumjibu.

Ndizo siku mlizoniona napita mlangoni kwenu bila kusalimu. Sikuwa na maringo. Nilikuwa na hofu kwamba mwezi utaandama, nitafungua mdomo, na kutakuwa hakuna kitu.

Mwezi umeandama jana jioni. Sikusema neno usiku wote. Asubuhi hii nilisimama kizingitini pa mama, sikumshika mkono, nikavuta pumzi kama nilivyomwona Madame akivuta pale mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Ilitoka chini kuliko zamani, na uzito ambao siujui. Si ile ya harusini. Lakini haikupasuka.

Mama akageuza uso kuelekea mlangoni. Akaisikiliza mpaka ilipoisha chumbani, kisha akaninyooshea mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umefika lini?"